Nimepitia UPS, inveta, pawa stesheni na kaboksi ka DC kwenye pampu ya nyumbani, nisikilize kabla hujanunua

Nianze na aibu yangu kwanza. Nilitaka maji yatoke hata umeme ukikatika, nikanunua UPS ya VA 1000 (kile kifaa chenye betri cha kushikilia kompyuta umeme ukikatika) nikijua nimemaliza kazi, nikachomeka pampu ya maji pamoja na kontrola yake (ile inayoiamuru pampu iwake au izime) humo humo, nikaenda kuzima swichi kubwa ili nijaribu. Kontrola ikabaki inawaka, taa ya kijani imetulia kabisa, nikatabasamu. Nikafungua bomba, presha ikashuka, pampu ikaitwa kazini, ikasema mmmmm kama sekunde moja hivi, UPS ikapiga mlio mmoja mrefu usiokata, halafu kimya. Pampu chali, kontrola nayo chali. Yaani kabla sijafungua bomba angalau kontrola nilikuwa nayo.

Tangu hapo nimepitia vitu vinne: hiyo UPS, inveta (inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani) na betri za asidi, pawa stesheni ya lithiamu (betri, chaja na inveta ndani ya boksi moja), na kale kaboksi kadogo ka DC ambako watu wanakatumia kwenye ruta. Majina ya makampuni siyataji, kwa sababu vituko vingi nitakavyosema ni vya aina ya kifaa, ukibadilisha nembo ugonjwa unabaki ule ule.

Sasa kabla ya kingine chochote, inama usome kibati cha pampu yako. Mi sikusoma. Changu kimeandikwa HP 0.5, P2 370 W, P1 550 W, 2.5 A, 230 V. Mtu akiona nusu hosipawa anapiga hesabu ya wati 370 kichwani anaenda dukani. Kumbe P2 ni ile nguvu inayotoka kwenye shafti kwenda kusukuma maji, P1 ndo ile mota inayovuta kwenye waya, na betri inalipa P1. Na huku UPS yangu imeandikwa 1000 kwa herufi kubwa za kujisifu, pembeni kwa herufi za sisimizi W 600. VA (voti zidisha ampea) na wati (nguvu halisi) sio kitu kimoja, UPS ndogo nyingi wati zake ni kama asilimia 60 ya hizo VA. Kwa hiyo 550 ndani ya 600, bado inaingia, si ndiyo? Inaingia mota ikishakuwa inazunguka. Tatizo ni kuianzisha.

Mota ya namna hii ikiwa imesimama, ile sekunde ya kuamka inavuta ampea mara 5 mpaka 7 ya zile za kwenye kibati, mpaka ishike kasi ndo inatulia. Chukua 2.5 zidisha mara 5 unapata 12.5, zidisha kwa voti 230, hiyo ni karibu VA 2900. Kwa UPS ya 1000. Ndo maana ililia vile, haikuwa mbovu, niliibebesha tembo. Kwa pampu UPS ya kompyuta naipa sifuri na wala sina kinyongo nayo, haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Kwa kontrola peke yake inafanya kazi, ila inapiga bip kila baada ya sekunde chache usiku mzima, na yenyewe tu kukaa hai inakula umeme mwingi kuliko hiyo kontrola inayoilinda. Halafu kuna UPS zikiwa kwenye betri zikiona mzigo ni mdogo sana zinajizima zenyewe zikidhani kompyuta imeshazimwa. Kontrola ya wati 6 kwake ni kama hakuna kitu.

Ikaja zamu ya inveta. Hapa ndo nimetumia hela nyingi na nimejifunza mengi, kwa hiyo nivumilie nitakaa sana.

Ya kwanza ilikuwa nyepesi, unaibeba kwa mkono mmoja, wati 1500 na ubavuni imeandikwa 3000 za kuanzia. Nikasema hapa sasa, 2900 ndani ya 3000. Betri muuzaji akanipa ya gari, nikamuuliza kama inafaa akaniambia, "Bosi, betri ni betri." Na ukweli ni kwamba siku ya kwanza pampu iliamka vizuri sana, bora hata kuliko baadaye na betri ya maana, kwa sababu betri ya gari imetengenezwa kutoa ampea nyingi kwa sekunde chache, sahani zake ni nyembamba na nyingi, kuanzisha mota ndo kazi yake ya kuzaliwa. Inachochukia ni kushushwa chini mara kwa mara. Kufika mwezi wa tano wa kuitumia ilikuwa haifiki popote, inajaa kwa nusu saa na inaisha kwa dakika kumi, nikaitoa.

Nikachukua ile dipu saiko ya AGM (betri ya asidi iliyofungwa, ya kuchotwa kwa muda mrefu), voti 12, Ah (ampea-saa) 100. Ukizidisha ni wati-saa 1200, na hapo ndo wengi wetu tunaibiwa na hesabu zetu wenyewe. Kwanza betri ya asidi ukitaka idumu usiishushe zaidi ya nusu, zimebaki 600. Pili hiyo Ah 100 ni kama unaichota taratibu kwa saa 20, yaani ampea 5. Pampu yangu ikizunguka inavuta ampea kama 50 hivi kutoka kwenye betri ya voti 12 (wati 550 gawa kwa 12, ongeza kile inveta inachopoteza), na kwa kasi hiyo betri ya Ah 100 unaweza kupata kama 60 tu zikaisha. Tatu inveta nyingi zinakata betri ikifika voti 10.5, ambapo betri ya asidi ilishaumia zamani, kwa hiyo usisubiri inveta ikulindie, kama ina sehemu ya kupandisha hiyo namba, pandisha.

Na waya! Inveta ilikuja na waya zake, nikaziamini. Kila pampu ikiamka inveta inapiga kelele ya betri imeisha, na betri imejaa, nimeipima asubuhi ina 12.7. Nikaweka mita kwenye nguzo za betri na nyingine kwenye vichwa vya inveta, nikamwambia mtu afungue maji. Kwenye betri ilishuka mpaka 11.6, kwenye inveta 10.2. Voti 1.4 zimepotelea njiani kwenye waya wa mita mbili! Nikaushika, una moto. Nikaweka waya wa milimita 35 mraba, mfupi chini ya mita moja, nikakaza nati vizuri na fyuzi ya DC pale pale karibu na betri, kelele zikaisha siku hiyo hiyo. Kama kuna mtu inveta yake inalia wakati wa kuanza tu, angalia waya kabla hujalaumu betri.

Sasa ile inveta nyepesi kasoro yake kubwa. Umeme wake ulikuwa ule wa ngazi ngazi, modifaidi, sio saini wevu safi (wimbi laini kama la umeme wa kawaida). Pampu ilizunguka ndiyo, ila sauti ikawa tofauti, kama nyuki ndani ya debe, na baada ya dakika kumi huwezi kuweka kiganja kwenye mota, wakati kwenye umeme wa kawaida unaweka kiganja unapiga nacho stori. Mota za kapasita (kile kikopo kinachoisaidia mota kuanza na kuzunguka) haziupendi umeme huo, zinachemka, na kapasita nayo inazeeka haraka. Yangu ilivimba kichwa. Nilipobadilisha kapasita fundi akacheka akaniuliza, "Hii umeilisha nini?" Kwa hiyo kwa chochote chenye mota, na kontrola yenye transfoma ndani, saini wevu safi, hapa usibishane na mtu.

Ya pili nikachukua nzito, kilo kama 20, ile yenye transfoma ya chuma ndani. Jamani tofauti. Inveta nyepesi nyingi hiyo namba ya kuanzia inaishikilia kwa muda mdogo mno, chini ya sekunde, na pampu yenye maji juu yake inataka zaidi ya hapo. Hizi nzito zinavumilia sekunde kadhaa. Ile 3000 ya kwanza na 3000 ya pili ni namba moja kwenye karatasi lakini moja inakimbia mita mia na nyingine inabeba gunia. Ukiwa dukani uliza kuanzia kwa sekunde ngapi, na muuzaji akikuangalia kama umemtukana basi hajui, nyanyua kifaa upime uzito kwa mkono, ndo kipimo changu siku hizi na sijadanganyika bado.

Ila (na hii ila ndo imenifanya niandike yote haya) transfoma ya chuma ina njaa yake. Ikiwa imewashwa tu, haisukumi chochote, yangu inakula wati 30. Nikakaa chini na kalamu. Pampu yangu kwa siku inazunguka dakika kama 20 jumla, wati 550 kwa theluthi ya saa, hiyo ni wati-saa kama 183. Kontrola wati 6 kwa saa 24, wati-saa 144. Inveta kukaa macho tu wati 30 kwa saa 24, wati-saa 720. Soma tena hizo namba. Maji yenyewe ni 183, na mlinzi wa geti anakula 720! Nusu ya betri yangu ya asidi ilikuwa inaisha ndani ya saa 20 bila hata tone moja kupanda. Mimi nilikuwa nawaza kuongeza betri ya pili, ya tatu, kumbe pampu haihitaji betri kubwa, inahitaji misuli mikubwa kwa sekunde moja na chakula kidogo sana baada ya hapo.

Nikasema basi niweke ile modi ya kubana matumizi, iko kwenye inveta nyingi, inalala halafu kila baada ya muda inachungulia kama kuna mzigo. Wazo zuri kwenye karatasi. Kontrola ya wati 6 ni ndogo mno, inveta haiioni kama mzigo. Kwa hiyo ikawa inawasha kidogo, kontrola inaanza kuamka, inazima, inawasha, inazima, tik, tik, tik, usiku kucha, na asubuhi saa ya kontrola imerudi saa sita usiku na ratiba yote imepotea. Ndo nikaelewa kwamba hawa ni wagonjwa wawili na nilikuwa nawapa dawa moja. Kontrola inataka kidogo sana lakini isikatike hata dakika moja. Pampu inataka nyingi sana lakini inaweza kusubiri.

Pawa stesheni niliiazima kwa wiki tatu, mwenye nayo alikuwa safarini. LiFePO4 (aina mojawapo ya lithiamu), kilowati-saa 1 hivi, inatoa wati 1800. Kwa raha ya matumizi hii inawapita wote, unaitoa kwenye boksi, unachomeka, pampu inaamka (kwa shida kidogo siku za mwanzo, taa ya onyo inapepesa lakini inaamka), skrini inakuonyesha wati zinaingia ngapi zinatoka ngapi, hata mtoto anaelewa. Umeme safi, mota baridi. Betri ya aina hii unaishusha asilimia 80 kila siku na inahesabiwa mizunguko 2000 mpaka 6000, wakati ya asidi ukiipelekesha hivyo mizunguko mia chache imekwisha. Na kilowati-saa 1 kwa matumizi yangu ni nyingi.

Lakini hizi zimetengenezwa kwa mtu aliyekaa nazo karibu. Siku ya tatu nimetoka, nikarudi maji hakuna, betri asilimia 71. Kumbe ina tabia ya kuzima soketi zake kama hakuna kinachovutwa kwa saa kadhaa, na pampu ikiwa imepumzika hakuna kinachovutwa. Hiyo unaizima kwenye programu ya simu, sawa, nikaizima. Wiki iliyofuata nikaiacha makusudi iishe kabisa ili nione umeme ukirudi itafanya nini. Umeme ulirudi, ikaanza kujichaji vizuri, soketi zikabaki zimezimwa, inasubiri mtu aje abonyeze kitufe. Sio zote ziko hivyo, ila kabla ya kununua fanya jaribio hilo hilo, ishushe hadi ife, rudisha umeme, usiguse kitu. Kama una pampu ya kutoa maji kwenye shimo la chini ya nyumba na uko mbali, kitufe hicho kinakugharimu sakafu nzima. Na kitu kingine, kuhama kutoka kwenye gridi kwenda kwenye betri inachukua kama milisekunde 20 mpaka 30, pampu haijali, kontrola zingine zinajali zinazima na kuwaka upya. Yangu ilikuwa inajali mara moja kwenye mara nne au tano, ambayo ni mbaya kuliko kila mara kwa sababu hujui uilaumu au usiilaumu.

Sasa mshindi wangu, na ni kale kadogo kuliko vyote. Kaboksi ka DC, kanatosha kiganjani, kanaingia kati ya adapta na kontrola, kanatoa voti 12. Hakuna kugeuza umeme kwenda 230 na kurudisha tena 12, hakuna feni, hakuna bip. Umeme ukikatika kontrola haijui hata kama kuna kitu kimetokea. Ila soma namba zake kwa akili. Kangu kameandikwa mAh 10,400, na kontrola inavuta nusu ampea, yaani mAh 500 kwa saa, ukigawa haraka haraka unapata karibu saa 21 unafurahi. Hiyo 10,400 ni ya seli za ndani ambazo ni voti 3.7, sio 12. 10.4 mara 3.7 ni wati-saa 38 na kidogo, toa za kupotea, gawa kwa 6, unabaki na saa tano na nusu hivi. Nilipima nikapata 5 na dakika 20. Kwenye tangazo unaandikiwa namba kubwa, hesabu ya voti unaachiwa mwenyewe, si uongo lakini bana.

Pima pia voti zake kikiwa na mzigo, sio kikiwa kitupu. Kangu ka kwanza (nimenunua mara mbili) kalikuwa kanashuka na betri, mwisho kanatoa voti 9 na relei za kontrola (swichi zake za ndani zinazofungwa kwa umeme) zinatetemeka trrrr, hazijashika wala hazijaachia, na relei inayotetemeka ikiwa imebeba pampu inaungua midomo. Ka pili kanashikilia 12 mpaka mwisho halafu kanakata kwa mkupuo, hivyo ndo inavyotakiwa. Na kabla hujanunua angalia adapta ya kontrola yako inatoa nini, kuna kontrola nyingi za umwagiliaji zinataka voti 24 za AC kwa ajili ya valvu, hizo kaboksi ka DC hakazisaidii. Wala usidanganyike na kile kibetri cha voti 9 au cha mviringo kama shilingi kilichomo ndani ya kontrola hizo, kile kinatunza saa na ratiba tu, valvu hakiwezi kuifungua.

Nilivyomalizia ni hivi. Kontrola iko kwenye kaboksi ka DC masaa yote. Pampu ina inveta yake nzito, safari hii ya voti 24, kwa sababu voti zikiwa mara mbili ampea zinakuwa nusu na waya unapumua. Betri ni LiFePO4 ya 25.6 V na Ah 50, wati-saa 1280, BMS yake (sakiti ya ndani inayoilinda betri) ya ampea 100. Hapo kwenye BMS usipite haraka, watu wananunua lithiamu ya bei ndogo yenye BMS ya ampea 50 halafu pampu ikiamka betri inajikata yenyewe kujilinda, kila kitu kinazima na mita inaonyesha sifuri, unadhani betri imekufa. Na chaja iwe ya lithiamu kweli, yangu inaishia voti 29.2. Chaja za asidi nyingine zina ile hatua ya kusawazisha inayopandisha voti juu zaidi, lithiamu haiitaki. Sehemu yenye baridi ya barafu pia, LiFePO4 hairuhusiwi kuchajiwa chini ya sifuri, na asidi nayo sehemu yenye joto inazeeka mbio, kila nyuzi 10 juu ya 25 umri wake unakatika karibu nusu.

Ujanja wenyewe uko kwenye waya mbili nyembamba. Inveta yangu ina vidude viwili nyuma vya kuiwasha kwa mbali, fundi akaviunga kwenye relei moja ya kontrola. Kontrola ikitaka maji inaiamsha inveta kwanza, inasubiri sekunde 5, ndo inafunga relei ya pampu. Maji yakitosha inaachia pampu, inaizima inveta. Ile njaa ya wati 30 imebaki dakika 20 kwa siku tu. Betri iliyokuwa inanitosha chini ya siku moja, saa hizi umeme ukikatika naangalia kipimo kesho yake kimeshuka asilimia 17. Kipimo ninachosema ni cha shanti, kile kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka, kwa sababu voti za LiFePO4 hazisemi ukweli, iko 26.4 ikiwa na robo tatu na iko karibu hapo hapo ikiwa na theluthi. Hako kaboksi ka DC ndo kalikuwa kamebaki kikwazo, saa tano na ushee zikipita kontrola inazima, kwa hiyo nimekavutia waya kutoka kwenye betri kubwa kupitia kigeuzi kidogo cha 24 kwenda 12.

Swichi ya kubadilisha ni ya mkono, nafasi tatu, gridi, zima, betri. Tafadhali sana usije ukatengeneza waya wenye plagi pande zote mbili ukaurudisha umeme wa inveta kwenye soketi ya ukutani. Utamuua mtu aliye juu ya nguzo anayedhani laini imezimwa. Habari ya nyutro na ethi pia mwachie fundi mwenye leseni, inveta na pawa stesheni nyingi nyutro yake inaelea (haijaungwa na ethi), na kile kikata umeme cha kukulinda usipigwe shoti kinaweza kisifanye kazi ukiwa kwenye betri. Pampu ni maji na umeme chumba kimoja, hapo sio pa kujifunzia.

Kwa wenye vitu tofauti na vyangu kidogo kidogo tu. Pampu ya kuzungusha maji ya moto, zile za wati 25 mpaka 60, msihangaike na yote haya, UPS yenye saini wevu safi na betri ya kutosha inawamaliza. Pampu ya shimo la kuondoa maji ya mvua, mi ningechukua pampu ya pili ya DC ya voti 12 yenye betri yake, inveta isiwepo kabisa, kitu kimoja pungufu cha kuharibika saa mbaya. Pampu ya kisima ya kuzama, ndo ngumu kuliko zote, kuna wanaoweka vifaa vya kuianzisha polepole ili inveta isiumie na vinasaidia kweli, lakini isiwe polepole mno, beringi yake ya chini inalainishwa na maji yanayosukumwa na mzunguko wenyewe, inatakiwa ifike nusu ya kasi ndani ya sekunde kama moja, soma karatasi ya pampu. Na ukiwa unanunua pampu mpya kabisa, zile zenye draivu (kidhibiti cha kasi ya mota) ndani yake zinaamka taratibu zenyewe, inveta nusu ya yangu ingetosha, ningejua ningeanzia hapo.

Na kama nyumba ina tanki la juu, lijaze umeme ukiwepo. Nilipiga hesabu siku moja kwa udadisi, lita 1000 juu mita 5 ni wati-saa kama 14 tu, ukiiona kama betri ni kichekesho, lakini kwenye bomba linatoa maji siku nzima na halipigi bip.

Malalamiko yaliyobaki ni feni ya inveta. Inaamka na pampu, na mtu wa mwisho kuoga ni saa tano usiku. Ukuta wa chumba cha kulala uko upande wa pili. Fundi anasema tuihamishe, lakini tukiihamisha waya wa betri unakuwa mita tatu, na mimi na waya mrefu tulishamalizana.